Kwa Nini Wachoraji wa Flanders Walimchora Masihi Mdogo Hivyo

Mwaka 1538 Mreno Francisco de Holanda alikuwa Roma, na baadaye akaandika mazungumzo anayodai aliyasikia kwa Michelangelo mwenyewe, mchongaji na mchoraji mashuhuri wa Italia. Humo Michelangelo anawashutumu bila huruma wachoraji wa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo. Picha zao, anasema, huwatoa machozi wacha Mungu, lakini ukizitazama unakuta nguo, kuta, majani ya kondeni, vivuli vya miti, mito, madaraja na vijitu vilivyotapakaa huku na kule, vyote bila mpangilio, bila kuchagua, bila nguvu. Hata kama Holanda alitia chumvi, hukumu hiyo imewazidi wote wawili umri. Siku hizi inatolewa kwa upole zaidi. Tunaambiwa kwamba wachoraji wa Antwerp, mji wa biashara wa huko, wa karne ya 16 walipenda milima na mito, wanunuzi wakataka picha za dini, basi mchoraji akamchomeka Yesu mdogo pembeni ili biashara iende. Biblia ilikuwa kisingizio, na sanaa ya mandhari ilingoja tu siku ya kuachana nayo.

Mimi naipinga hukumu hiyo, ile kali na hii ya upole. Naamini udogo wa tukio takatifu ndilo wazo lenyewe la picha hizi. Aliyemchora Mariamu akiwa na ukubwa wa punje mbele ya milima alikuwa anasema jambo kuhusu namna wokovu ulivyoingia duniani, na alikuwa anamtaka mtazamaji afanye kazi fulani kwa macho yake. Ukiondoa wazo hilo, picha inabaki na rangi nzuri tu.

Tuanze na kipande cha ubao kilichomo katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa, Antwerp. Kina kimo cha sentimita 17 na upana wa 21 hivi, yaani ni kidogo kuliko ukurasa mmoja wa daftari kubwa, na kina saini ya Joachim Patinir. Mada ni kukimbilia Misri: Mariamu na mtoto juu ya punda, Yusufu kwa miguu, njia inaingia nchi ambayo haiishi. Miamba inasimama wima kama ile ya bonde la mto Maas, karibu na Dinant, ambako Patinir alikulia. Mbele ardhi ni ya kahawia, katikati kijani, na mbali kabisa kila kitu kinageuka buluu mpaka huoni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Upeo wa macho umepandishwa juu sana, ni kama unatazama kutoka mlimani, lakini kila mwamba na kila nyumba unaiona kwa ubavu, kana kwamba umesimama mbele yake. Hakuna mahali duniani unapoweza kusimama ukaona hivyo. Ni namna ya kuona ambayo binadamu hana, na nadhani Patinir alijua hivyo alipoichagua.

Patinir aliandikishwa fundi katika chama cha wachoraji cha Antwerp mwaka 1515 na akafariki mwaka 1524. Miaka tisa tu. Mwaka 1521 alioa mara ya pili, na katika waalikwa alikuwemo Albrecht Dürer, Mjerumani aliyekuwa safarini katika nchi hizo. Dürer aliandika katika shajara yake kwamba amealikwa na Bwana Joachim, mchoraji mzuri wa mandhari, na mwezi huohuo akamchorea Watakatifu Kristofa wanne kwenye karatasi ya kijivu ili avitumie kama vielelezo. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Antwerp: huyu hodari wa milima, yule hodari wa watu, na picha moja ikapita mikononi mwa wawili. Kule Makumbusho ya Prado, Madrid, iko picha ya majaribu ya Mtakatifu Antonio ambayo mandhari ni ya Patinir na watu ni wa Quinten Massys. Wanaoshikilia hoja ya kisingizio hupenda kutaja utaratibu huu kuwa ushahidi wao. Lakini kugawana kazi hakumaanishi kugawana maana.

Katika Prado hiyohiyo iko picha nyingine kubwa ya Patinir, ya Familia Takatifu ikipumzika njiani. Hapa Mariamu ni mkubwa, ameketi katikati akinyonyesha, na Yusufu anakuja kutoka kushoto na chungu cha maziwa. Lakini peleka macho mbali. Upande mmoja kuna hekalu la kipagani, na sanamu za miungu zinaanguka. Upande wa pili kuna kijiji cha kawaida kabisa, na ukikisogelea unagundua kwamba watu wanaokimbia kati ya nyumba ni akina mama, na wanaowafuata ni askari wa Herode. Pembeni mwa kijiji kuna shamba la ngano iliyoiva na wavunaji, na askari wamesimama wakiwauliza jambo. Hiki ni kisa kisichomo katika Mathayo, ila watu wa Ulaya ya zamani walikijua vizuri: familia ilipita shamba likiwa ndiyo kwanza linapandwa, ngano ikakua na kuiva siku hiyohiyo, na askari walipouliza wakajibiwa kwa ukweli mtupu kwamba wapitaji hao walionekana wakati wa kupanda. Askari wakakata tamaa.

Askari wanamtafuta mtoto katika mandhari na hawampati. Mtazamaji naye anatafuta katika mandhari ileile. Kwangu hapo ndipo ilipo akili ya picha hizi: kuona kwenyewe kumewekwa kwenye mizani. Askari ana macho mazima, ana farasi, ana amri ya mfalme, na shamba limemshinda.

Au chukua ubao mwingine wa Patinir ulioko Rotterdam, wa sentimita 23 kwa 30 hivi, wa maangamizi ya Sodoma na Gomora. Moto umekula sehemu kubwa ya picha, mbingu nyeusi imefunga, na Lutu na binti zake wanaongozwa na malaika wakiwa wadogo mno. Mke wake amebaki nyuma, kijiti cheupe njiani. Ungeweza kulalamika kwamba janga la mwanamke huyo limedharauliwa. Lakini rudi kwenye Mwanzo 19:26 uone Biblia yenyewe inampa nafasi gani: “Lakini mkewe Lutu akatazama nyuma yake, akawa nguzo ya chumvi.” Mstari mmoja, hakuna jina, na masimulizi yanaendelea. Mchoraji amemtendea mwanamke huyo sawasawa na maandiko yalivyomtendea, na ndiyo maana ukimwona unashtuka.

Utamaduni huu haukuanzia ubaoni. Ulianzia vitabuni. Karne nzima kabla ya Patinir, mafundi wa nchi hizo walikuwa wakipamba vitabu vya sala kwa picha ndogo kwenye ngozi laini ya ndama. Kitabu kimoja cha aina hiyo, ambacho sehemu yake iliungua Turin mwaka 1904, kina ukurasa ulionusurika wa kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, kazi ambayo wataalamu wengi wanamhusisha nayo Jan van Eyck. Juu kuna chumba cha mzazi. Chini kabisa, katika ukanda mwembamba ambao fundi mwingine angejaza maua, kuna ubatizo wa Yesu: mto umetulia, ngome inajiona majini, nchi inakwenda mbali. Kitabu cha sala unakishika mkononi, karibu na uso, peke yako, na midomo inatamka maneno. Udogo wa picha zake ulitokana na tendo la kusali.

Huko Bruges, Simon Bening aliendeleza kazi hiyo mpaka uzeeni. Mwaka 1558, akiwa na miaka 75, alijichora ameketi kando ya dirisha, picha isiyozidi kiganja, na mkononi ameshika miwani yake. Naiona kuwa miongoni mwa picha za kweli kabisa alizowahi kujichora fundi, maana anakiri gharama ya kazi yenyewe: macho. Na ukoo huu wa mafundi wa vitabu uliingia moja kwa moja katika nyumba maarufu kuliko zote za uchoraji wa Flanders. Mama mkwe wa Pieter Bruegel, Mayken Verhulst, alikuwa mchoraji wa picha ndogondogo, na Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1604, anasema ndiye aliyemfundisha mjukuu wake Jan, aliyekuwa bado mtoto mchanga baba yake, Bruegel huyohuyo, alipofariki. Bruegel mwenyewe, alipokuwa Roma miaka ya 1550, alifanya kazi na Giulio Clovio, bingwa wa picha za vitabuni, na katika orodha ya mali za Clovio unatajwa Mnara wa Babeli aliouchora Bruegel juu ya pembe ya ndovu.

Sasa soko. Silikani, na wala si jambo la kuficha. Antwerp ya wakati ule iliuza picha kama ilivyouza vitambaa, na kuanzia mwaka 1540 palikuwa na ukumbi wa kudumu wa wauza picha juu ya jengo la wafanyabiashara. Fedha zilizozunguka hapo zilikuwa na historia inayotugusa sisi. Kuanzia mwaka 1501 pilipili ya Wareno ilishushwa Antwerp, na Wareno walikuwa na ofisi yao humo, wakinunua shaba na fedha ya Wajerumani ya kupelekea biashara ya Bahari ya Hindi. Msafara wa Francisco de Almeida wa mwaka 1505, ule ulioipora Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti, ulikuwa na meli zilizogharamiwa na matajiri wa Ujerumani, wakiwemo akina Welser na Fugger, ambao Antwerp ilikuwa uwanja wao. Kwa hiyo bahari ya buluu iliyo nyuma ya punda wa Mariamu, pamoja na vijimeli vyake, iliwakumbusha wanunuzi jambo walilokuwa wanalijua kwa hesabu za daftari. Dunia ilikuwa imepanuka kwao. Mji huohuo ndio uliochapisha atlasi ya Abraham Ortelius mwaka 1570, na Ortelius alikuwa rafiki wa Bruegel.

Ndiyo maana swali lao lilikuwa zito kuliko tunavyodhani. Dunia ikiwa kubwa kiasi hicho, yenye pwani ambazo mababu zao hawakuzisikia, tukio la zizini Bethlehemu linakaa wapi? Mchoraji wa Kiitalia angejibu kwa kumleta Mariamu mbele na kumfunika kwa utukufu. Wa Antwerp alijibu kwa kuipa dunia ukubwa wake wote, kisha akaliacha tukio liwe dogo lilivyokuwa siku lilipotokea.

Pieter Bruegel alilisukuma wazo hili mbali kuliko wote. Ninayoipenda zaidi ni picha yake ya Mamajusi kwenye theluji, ya mwaka 1563, iliyoko Winterthur, Uswisi. Ni ubao wa sentimita 35 kwa 55. Theluji inaanguka, na inasemekana ndiyo picha ya kwanza ya Ulaya kuonyesha theluji ikiwa hewani; Bruegel alimaliza picha yote, ndipo akainyunyizia matone meupe juu yake. Matone hayo yanafanya kazi ya pazia. Unaona kijiji, watu wamejikunyata, wanavuka na mizigo. Mbele kuna waliotoboa barafu ya mto wanachota maji, na mtoto amekaa kwenye kiti chake cha kuteleza. Mamajusi wako wapi? Wako kushoto, ukingoni kabisa, wamepiga magoti mbele ya kibanda ambacho nusu yake imekatwa na fremu. Mariamu unamwona kwa shida. Wafalme wamesafiri kutoka mashariki kuja kumsujudu mfalme wa ulimwengu, na anayechota maji hajageuza hata shingo.

Huo si utani wala dharau. Bruegel anasimulia kama Luka anavyosimulia, kwamba “hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni”, na kwamba mji mzima ulilala usingizi wake. Katika picha ya kuhesabiwa Bethlehemu, ya mwaka 1566, iliyoko Brussels, analirudia jambo hilo kwenye ubao mkubwa lakini kwa nidhamu ileile ya fundi wa vitabu. Watu wamesongamana mlangoni mwa nyumba ya wageni kulipa, na ukutani pamebandikwa tai mwenye vichwa viwili, nembo ya ukoo wa Habsburg uliokuwa ukiwatawala na kuwatoza kodi. Nguruwe anachinjwa. Watoto wanateleza. Katikati ya msukosuko huo anapita mwanamume mwenye msumeno begani akiongoza punda, na juu ya punda kuna mwanamke aliyejifunika. Usipoangalia vizuri utadhani nao wamekuja kulipa kodi. Na kweli wamekuja kwa shughuli hiyohiyo.

Wapo wanaosema Bruegel hakujua jiografia: Bethlehemu gani hii yenye barafu na mapaa ya Brabant, jimbo la Bruegel mwenyewe? Alijua fika. Aliyehesabiwa chini ya Kaisari na aliyehesabiwa chini ya mfalme wa Hispania, wa ukoo huo wa Habsburg, walikuwa kwake watu wamoja. Hapa kwetu Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alifanya uamuzi wa aina hiyo mwaka 1959 alipochora ukutani mwa kanisa la kumbukumbu ya mashahidi huko Murang'a, Kenya, na kuweka kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho na mateso ya Yesu katika nchi ya Wakikuyu, kwa watu waliokuwa wametoka tu katika miaka ya umwagaji damu. Hakuna anayemlaumu Njau kwa kukosa ramani ya Uyahudi.

Kuna jambo jingine dogo la Bruegel linalonifanya nisiikubali kabisa hoja ya kisingizio. Katika picha yake ya kwenda Kalvari ya mwaka 1564, iliyoko Vienna, kuna mamia ya watu, na Yesu aliyeanguka chini ya msalaba yuko katikati kamili ya ubao, lakini rangi yake ni hafifu kiasi kwamba jicho linampita. Kinachovuta macho ni purukushani iliyo kushoto. Askari wanamburuta Simoni Mkirene akaubebe msalaba, na mkewe amemng'ang'ania, anapigana nao, hataki. Kiunoni mwa mwanamke huyo inaning'inia rozari. Anamsali Yesu kila siku, na Yesu mwenyewe anapohitaji bega la mumewe, anakataa. Fundi anayetafuta kisingizio cha kuchora miti hahangaiki kuning'iniza rozari ya milimita chache kwenye kiuno cha mke wa Simoni.

Nakiri kwamba wazo hili halikubaki na makali yaleyale. Jan Brueghel, yule mjukuu wa Mayken, alikuwa na mkono mwepesi kuliko baba yake, na alichora juu ya vibati vya shaba vilivyolainishwa mpaka brashi haikwami popote. Mwaka 1598 alichora bandari yenye pilikapilika, samaki wamemwagwa mbele, watu wamejaa, na Yesu anahubiri mbali ndani ya umati. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini mara nyingi kwa Jan unahisi kwamba udogo umekuwa wa kuonyesha umahiri. Unatafuta, unapata, unapongeza mkono wa fundi, unaondoka. Katika safina yake ya Nuhu ya mwaka 1613, iliyoko Los Angeles, safina yenyewe iko mbali, na mbele wamejipanga wanyama wawili wawili, wengine wakitokana na wale aliowaona kwenye bustani ya wanyama ya watawala wa Brussels. Gharika haitishi tena.

Hata hivyo mfadhili mkubwa wa Jan alikuwa Kardinali Federico Borromeo wa Milano, na Borromeo alizitumia picha hizi chumbani mwake kwa sala. Aliandika kwamba majira ya baridi yanapomfungia ndani, mandhari zilizochorwa humpa nafasi ya kutembea kwa mawazo na kutafakari uumbaji. Siwezi kumpuuza msomaji wa namna hiyo. Ila naona alichokipata Borromeo ni faraja, na Patinir na Bruegel walikuwa wanadai zaidi ya faraja.

Ushahidi wa mwisho uko mikononi mwa mfalme wa Uingereza. Katika hazina ya picha za kifalme upo ubao wa Bruegel wa mauaji ya watoto wa Bethlehemu, uliochorwa kati ya mwaka 1565 na 1567: kijiji cha theluji, askari wamezingira, milango inavunjwa. Picha hiyo ilifika kwa Kaisari Rudolf wa Pili, wa ukoo wa Habsburg, na ikaamuliwa kwamba watoto wafunikwe. Juu ya kila mtoto pakachorwa kitu kingine: bata, mnyama, bunda la nguo, vyakula. Mauaji yakageuzwa kuwa uporaji. Tunajua yaliyokuwa chini yake kwa sababu nakala zilizotoka katika karakana ya familia zinaonyesha watoto, na uchunguzi wa ubao wenyewe umeyathibitisha.

Kama Biblia ingekuwa kisingizio, kuiondoa kusingeharibu kitu. Theluji ipo, miti ipo, mapaa yapo, anga ipo, kila kitu ambacho eti ndicho mchoraji alikitaka kimebaki mahali pake. Lakini picha haikai sawa. Mama ameketi kwenye theluji akilia kwa uchungu wote alio nao, na mapajani amewekewa bunda. Baba anamlilia askari mpanda farasi kwa ajili ya kitoweo. Waliofunika watoto walibadilisha sehemu ndogo mno ya ubao ule, wakaacha mandhari yote ilivyo, na mandhari yote ikapoteza sababu ya kuwepo.